Mwenzangu Anasema Usikaze Sana

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na mikono yako yote miwili iko kazini. Sisi hapa hatujambo, ukiacha mafua ya wadogo zangu, ambayo yanazunguka nyumbani kama zamu ya kuosha vyombo. Mama ana kazi nyingi. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo sebule imejaa sare: mashati kwenye viti, sketi mezani, na dirishani mstari wa suruali ndogo zinazoning'inia bila watu. Mama hakusalimii. Ameniagiza niandike hivyo hivyo, kisha akarudi mara mbili kuuliza kama nimeandika.

Simu ya hapa unaijua. Ikilia ni ya Mama, na yanayosemwa humo yanajulikana kwa jirani kabla hayajafika kwetu. Ndiyo maana nakuandikia, na nakuandikia nikiwa kiti cha nyuma cha gari lako, lile uliloliegesha ukutani ukasema utarudi baada ya wiki mbili. Imetimia miaka miwili. Tangu nimalize chuo na kuanza kungoja majibu ya maombi ya kazi, gari hili ndilo chumba changu. Katika nyumba yote hii, mlango unaofungwa ukanyamaza ni huu tu.

Sasa sikia yaliyonifikisha hapa. Gari linawaka. Linarudi nyuma vizuri kabisa. Ukiliwekea gia ya kwenda mbele linanguruma na kubaki palepale, kama mtu aliyeitwa kazini akiwa shukani. Mama amelitazama akasema, "Linajua kurudi nyuma tu, kama ukoo wa baba yenu." Wiki jana akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, tunamwita Bwana Chuma, akalipima kwa kamba. Mama akamwambia, "Mwisho wa mwezi wa nane. Kama halijatoka getini kwa miguu yake, ni lako."

Nikasema linaweza kutoka hata leo, kinyumenyume.

"Litatoka uso mbele," akasema, "kama mtu mwenye adabu."

Mafundi wa hapa wamelitazama wakasema tubadilishe gia boksi nzima. Mama aliwapa maji ya kunywa akawafungulia geti. Mjomba, njoo ulitengeneze. Ukishindwa kuja, niambie la kufanya nitalifanya mwenyewe. Gari hili likiondoka, sina mahali pengine ninapoweza kuanza wazo nikalimaliza.

Mpwa wako

24 Machi

Mpwa wangu Profesa,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha umri. Huku mvua imekuwa nyingi, gereji ina matope, na paka wa hapa amezaa ndani ya tairi. Wape pole wadogo zako. Mwambie Dada kwamba na mimi simsalimii, ila muulize kama bado miguu inamvimba akikaa sana kwenye cherehani.

Kuja sitaweza sasa. Kazi zimebana. Na nyingine zisizo za gereji zimebana pia.

Kuhusu gari. Unajua mimi ni fundi wa klachi. Gia nataka niishike mkononi na inijibu. Hizi zinazojibadilisha zenyewe ni kama mke anayejibu kabla hujamuuliza. Mwanamume unabaki huna kazi. Nililinunua hilo gari kwa sababu ya rangi. Kwa hiyo nimemuuliza mwenzangu.

Mwenzangu anasema usiguse kitu kwanza. Liwashe, acha liungurume, kisha vuta kile kijiti cha kupimia mafuta ya gia boksi, ufute kwenye kitambaa cheupe. Yakiwa mekundu na hayana harufu, gia boksi bado ina roho. Yakiwa meusi na yananuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati, mwambie Bwana Chuma aje na kamba ndefu zaidi.

Niandikie ulichokiona.

Mjomba wako

9 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, wameingia chawa wa kichwa, wadogo zangu wamewatoa shuleni. Mama amewanyoa wote wanne, na sasa sebuleni akiwapigia kelele anakosea majina. Miguu inamvimba, ndiyo. Nilipomwuliza akasema, "Nani ameniulizia?" Nikasema mimi. Akasema, "Muongo," akaendelea kushona, lakini jioni nilimkuta ameinyoosha juu ya stuli.

Nilichukua pande la kola nyeupe nikafuta kijiti. Mafuta ni mekundu kama wino wa mwalimu na hayanuki. Niliitazama ile kola muda mrefu. Sijawahi kufurahia wino mwekundu maishani mwangu.

Huyo mwenzako ana akili iliyopangwa. "Usiguse kitu kwanza": katika miaka yote ya chuo sikuambiwa jambo la maana kama hilo. Msalimu sana huyo bwana. Alisomea wapi? Ana umri gani hivi? Ana mke? Nauliza kwa sababu Mama akisikia atauliza.

Bwana Chuma alipita tena. Aliligonga bodi kwa kidole cha kati, kama mtu anayenunua tikiti.

Mpwa wako

6 Mei

Profesa,

Marahaba. Pole na nywele za wadogo zako. Nimechelewa kujibu, kulikuwa na mambo ya hapa na pale, kwenda kupima hiki na kile.

Salamu zako kwa huyo bwana nimezifikisha. Mwenzangu amecheka mpaka akakaa chini. Kuhusu swali lako, mke hana. Wala hatafuti.

Sasa soma taratibu. Mwenzangu anasema gia boksi yako haijafa, kilichoharibika ni ubongo wake. Mafundi wanauita valvu bodi. Ni bamba la madini lenye vijia vingi kama vya mchwa, mafuta yanapita humo, na vijia hivyo ndivyo vinavyoamua gia ipi iingie na lini. Cha kwako kimesahau njia ya mbele. Nakutumia kingine kwa basi, kimetoka kwenye gari lililogongwa nyuma, uso wake ulikuwa mzima. Kimefungwa vizuri kisipate vumbi. Hicho kitambaa ni tambara tu, ukishafungua kitupe. Gasketi ya sampo na mafuta mapya vimo kwenye boksi hilohilo.

Mwenzangu anasema liinue kwa jeki, lakini usiiamini jeki. Weka vigogo vinne ndipo uingie chini. Mwaga mafuta. Fungua sampo, lile sinia la chini kabisa. Chomoa nyaya kwa vidole, si kwa hasira. Bolti za ubongo hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo lake kwenye kadibodi, kila bolti ukiitoa uichomeke kwenye kadibodi mahali ilipotoka. Chini yake kuna gololi ndogo ndogo. Ukiweka ubongo mpya, gololi zitataka kudondoka, maana unafanya kazi ukitazama juu. Zishikize kwa mafuta ya mgando.

Halafu kukaza. Anza bolti za katikati uje nje, kila moja kidogo, zunguka tena. Hili amelirudia mara tatu na kunitaka nilipigie mstari: usikaze sana. Lile bamba ni laini. Ukilikaza kwa nguvu linajipinda, na likijipinda linaanza kudanganya.

Mjomba wako

15 Mei

Profesa,

Haraka haraka, basi linaondoka. Mwenzangu amesoma nakala ya barua yangu, akashika kichwa. Anasema nikuandikie leo hii: mafuta ya mgando ni yale ya KUJIPAKA. Ya kwenye kopo, ya ngozi. Siyo ya jikoni. Nikamwambia mtu aliyesoma kama mpwa wangu hawezi kukosea hapo. Akasema, "Hao ndio wanaokosea, wewe andika."

Najua unacheka. Nimeandika ili nipate amani nyumbani.

Mjomba wako

20 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Wadogo zangu wameota nywele tena, majina yamerudi mahali pake.

Barua yako fupi imefika leo. Kazi niliifanya juzi.

Acha nieleze kwa mpangilio. Boksi lilifika salama. Nilipolifungua sebuleni nikakuta ubongo umefungwa kwa gauni. Mama alikuwa na pini sita mdomoni. Alizitoa moja moja, akanyoosha mkono, nikampa gauni. Akaligeuza ndani nje, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mishono ya ubavuni, kwenda na kurudi. Nikamwambia ni tambara tu, Mjomba kasema litupwe. Alilikunja akaliweka chini ya mto wa kiti chake.

Nikaenda chini ya gari. Mjomba, nilipaswa kuogopa, lakini sikumbuki lini nilikuwa na furaha namna ile. Nilichora kadibodi. Kila bolti ilikaa kwenye tundu lake. Ubongo wa zamani uliposhuka niliushika kifuani kama mtoto aliyelowa, nikaupeleka kivulini nikautazama. Vijia vyote vile, kimoja kinaingia kwenye kingine, na hakuna kilichochorwa kwa kujionyesha. Nilifikiria mtu anayeweza kusoma kitu kama hicho. Nilimfikiria kidogo mwenzako.

Kisha nikaenda jikoni nikachukua mafuta ya mgando.

Yalikuwa kwenye kopo la chuma, Mama alikuwa amekwisha kuyakaangia vitunguu. Nilikuwa na shaka, lakini nilijiambia ufundi una siri zake. Gololi zilishika vizuri kabisa. Nikapandisha ubongo mpya, nikakaza kutoka katikati, sikukaza sana, nikafunga sampo, nikajaza mafuta mapya mekundu. Mafuta ya jikoni yaliyobaki viganjani nilijifutia kwenye bomba la ekzosi, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

Niliwasha. Baada ya muda mfupi uani kukanukia vitunguu vya kukaanga. Wadogo zangu wakatoka wamebeba sahani. Wateja wawili wa Mama wakaja mlangoni, mmoja akauliza, "Kuna shughuli?" Bwana Chuma, ambaye sijui hutokea wapi, akaliinamia gari akavuta pumzi ndefu na kusema, "Hili limeiva."

Nikaweka gia ya mbele. Halikwenda. Nikaweka ya nyuma. Halikwenda. Zamani lilijua kurudi nyuma, Mjomba. Mimi nimelisahaulisha hata hilo.

Mwulize mwenzako kama ni vitunguu.

Mpwa wako

8 Juni

Profesa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa gereji, kosa langu. Watu hawakufanya kazi siku ile. Mwenzangu hakucheka, au alicheka ndani.

Mwenzangu anasema vitunguu havina hatia. Harufu imetoka kwenye ekzosi. Lakini mafuta ya jikoni ndani ya gia boksi hayayeyuki yakaisha, yataganda kwenye vijia, kwa hiyo mwaga yote, fungua tena, safisha, rudia kwa ya kujipaka.

Na hilo la kugoma kabisa ni jingine. Mkono wa gia unaoushika ukiwa umekaa una kijino kwa chini. Kijino hicho lazima kiingie kwenye mfereji wa ile valvu ndefu iliyo pembeni mwa ubongo. Ukipandisha ubongo bila kukitazama kinabaki nje, na hapo unavuta mkono wa gia lakini haushiki chochote. Anasema hata yeye alilikosea mara ya kwanza, na mbele ya mwenye gari.

Lile gauni liko wapi? Nauliza tu. Nilisema litupwe. Halina maana yoyote lile gauni, wala usimsumbue Dada nalo.

Mjomba wako

27 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Wazima wote. Mama ameanza kushona kitu usiku ambacho si sare na ananifukuza nikikaribia.

Gauni limesumbua lenyewe. Jumapili Mama alinikuta mezani nikisoma barua yako. Akalitoa chini ya mto, akalitandaza mbele yangu.

"Mjomba wako anaishi na mwanamke," akasema.

"Anaishi na fundi mwenzake, Mama."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe. Ameandika 'mwenzangu', kila barua."

"Hata baba yako aliniita mwenzangu. Tulikuwa na gereji?"

Ndipo nikazipitia barua zako zote kichwani, na kila "mwenzangu" ikageuka kunitazama. Mke hana, wala hatafuti. Nimeandika nipate amani nyumbani. Mjomba, kwa wiki kadhaa nilikuwa na bwana mmoja kichwani, mpole, mwenye vidole safi, anayesema usikaze sana. Ilinibidi niende garini nikamzike taratibu.

Mama alikuwa hajamaliza. "Tazama hapa. Ubavu umeachiwa upana. Uzi wa kwanza mweupe. Halafu ukaachiwa tena, kwa uzi wa bluu. Pindo zima, kola nzima, halijachakaa popote. Mtu hatupi gauni kama hili, labda limemkataa. Na kifuani kumebana kabla ya kiunoni. Huko siyo kunenepa kwa chakula."

Akalikunja.

"Mkono wa huo uzi wa bluu ni mzuri," akasema. "Anashona vizuri kwa mtu anayeshika spana."

Nikamwuliza kama amekasirika. Akasema angekasirika na nini, wakati hakuna aliyemwambia kitu. Unawakumbuka wale wachumba wako watatu. Mmoja Mama alimkataa kwa kucheka sana, wa pili kwa kutocheka, na wa tatu alicheka sawasawa, jambo ambalo ndilo lililomtia shaka zaidi. Nadhani ndiyo sababu wiki mbili zako zimekuwa miaka. Hujasema, na mimi siulizi.

Sasa la gari. Nimefungua tena. Nimesafisha kila kijia kwa mswaki, gololi nimezishikiza kwa mafuta ya kujipaka ya mdogo wangu, ubongo umepanda. Kijino nimekiona. Kipo sentimita chache kutoka kwenye mfereji wake.

Sijakiingiza.

Jana Mama alisema likipona litabeba sare kwenda shuleni, badala ya yeye kuzibeba kichwani. Ana haki. Lakini nimelala chini ya chumba changu nikitazama kijino hicho, na nimeelewa kwamba nikishindwa analichukua Bwana Chuma, nikifaulu zinalichukua sare. Nimekuwa nikikitengeneza kwa mikono yangu kitakachoniondoa. Nimerudi kiti cha nyuma kukuandikia hili, na gari liko juu ya vigogo, kwa hiyo naandika nikiwa nimeinuka kidogo kuliko kawaida.

Mpwa wako

19 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba.

Mwambie Dada gereji yetu ina unyevunyevu mwingi msimu huu na huenda siyo mahali pazuri kwa kila mtu. Mwambie pia kwamba paka alizaa salama. Mwambie nakula vizuri. Ukiona anasikiliza, mwambie kwamba mwanzo wa mwezi wa tisa nitakuwa na shughuli nyingi sana, tena nyingi za maisha. Ukiona hasikilizi, mwambie la paka tu.

Mjomba wako

Nimemnyang'anya kalamu. Mimi ndiye mwenzangu. Samahani kwa yule bwana. Aliponisomea swali lako la mke nilimwambia akueleze ukweli, akakueleza namna yake.

Ameniruhusu kuisoma barua yako ya kijino. Mimi nilipoanza kazi gereji hawakuwa na chumba cha mwanamke, nikalala kwenye gari la mteja lililokwama kwa kukosa vipuri. Nililipenda. Nililitengeneza mwenyewe, mwenye gari akaja akalichukua. Nilikaa kwenye tairi nikalia, kisha nikafungua lingine, kwa kuwa kazi ilikuwepo. Lile lilikuwa la mtu. Hilo ni lenu. Una leseni? Anayeshika usukani ndiye anayeamua lisimame wapi, na kwa muda gani.

Kijino kinaingia chenyewe ukiuweka mkono wa gia mahali pa kuegesha. Usikilazimishe. Na usikaze sana.

Kuhusu mke anayejibu kabla hajaulizwa, nimeliona hilo pia kwenye nakala yake. Tunalishughulikia.

16 Agosti

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Wadogo zangu hawajambo, nimewaacha kwa jirani na maagizo mengi kuliko wanavyoweza kuyavunja.

Mama alisikiliza. Nilimsomea barua yako akiwa amesimama mlangoni, na nilipofika mwisho, kwenye paka, akasema, "Paka gani huyo anayezaa mwezi wa tisa?" Kisha akauliza gari liko tayari lini. Siyo kama litakuwa tayari. Lini.

Nilirudi chini. Niliuweka mkono wa gia mahali pa kuegesha, nikausogeza ubongo kwa vidole viwili, na kijino kikaingia bila sauti yoyote. Nilikaa pale kidogo. Kisha nikakaza, katikati kwenda nje, nikaacha mkono wangu uchoke kabla bolti haijachoka.

Leo asubuhi nililishusha gari kwenye vigogo. Niliwasha, nikapitisha mkono wa gia kila mahali taratibu, nikapima mafuta. Mama alikuja akagonga kioo. Mjomba, sikuwahi kulitaja hili kwa sababu nililizoea: nyumba nzima Mama anaingia bila hodi, hata bafuni, lakini kioo hiki amekuwa akikigonga tangu siku ya kwanza na kungoja nimfungulie. Leo pia aligonga, akangoja.

"Leseni yako iko wapi?" akauliza.

"Ninayo tangu chuo."

"Leseni bila gari ni picha tu. Endesha."

Akaingia kiti cha nyuma na kifurushi mapajani. Nikaweka gia ya mbele. Kulikuwa na kishindo kidogo, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, halafu ukuta ukaanza kubaki nyuma. Tulitoka getini uso mbele. Bwana Chuma alikuwa nje na mkokoteni wake, amewahi mwezi kwa wiki mbili. Alitupisha, akavua kofia, akauegesha mkokoteni, akaomba lifti hadi barabara kuu. Alipanda mbele. Njiani ikabadilika gia ya pili, kisha ya tatu, zenyewe, na kila mara alitikisa kichwa kama aliyefiwa.

"Harufu imekwisha," akasema kwa masikitiko alipokuwa akishuka.

Nilidhani tunazunguka tu mtaa. Mama akasema, "Usikate kona. Nyoosha." Nikamwuliza tunakwenda wapi. Akasema, "Kwa paka."

Sare zimefungwa hadi shule zifunguliwe. Kifurushi ni magauni mawili, mishono ya ubavuni imeachwa wazi kwa makusudi, na nguo ndogo ndogo ambazo ukizishika unaogopa vidole vyako. Anasema atakaa huko hadi mtoto aizoee dunia na wewe umzoee mtoto, na kwamba mimi nitarudi na gari.

Barua hii haitapanda basi. Nimeegesha kando ya barabara gari lipumue, nimeandika karatasi ikiwa juu ya usukani, na nitaiweka mkononi mwako. Hakuna aliyeniharakisha. Mwanzoni niliona Mama ananyamaza huko nyuma nikadhani ameudhika na uendeshaji wangu. Nikageuka. Amevua viatu, miguu ameinyoosha kitini, ameegemea mlango. "Kumbe huku ndani," akasema, "mtu unaweza kusikia unachofikiria." Nimemwambia tunaweza kuendelea. Amesema niandike kwanza, yeye bado hajamaliza.

Nimemwuliza kuhusu salamu. Amefikiri sana, macho kafumba.

Anamsalimu mwenzako. Wewe atakusalimu akikuona.

Mpwa wako